Mfumo wa mwili ni nini hasa?

Mtu akisema "tumbo linaniuma", ametaja mahali tu. Ndani ya tumbo mna mfuko wa chakula, utumbo, ini, wengu, figo zilizoegemea mgongoni, kibofu kule chini na, kwa mwanamke, mji wa mimba. Chochote kati ya hivyo kikiuma, mwenyewe atasema ni tumbo. Hata moyo, ambao uko kifuani, ukipungukiwa na damu unaweza kuleta maumivu pale kwenye chembe cha moyo, mgonjwa akadhani ni gesi. Ndiyo maana tabibu haridhiki na neno hilo. Atauliza: yanazidi ukishakula? Ukikojoa je? Ukipanda ngazi? Mahali ameshaonyeshwa, sasa anatafuta mfumo.

Mfumo wa mwili ni kundi la viungo vinavyoshirikiana kufanya kazi moja. Kinachoviunganisha ni kazi, wala si ujirani. Kinywa na njia ya haja kubwa viko mbalimbali lakini ni vya mfumo mmoja. Utumbo na figo zinakaribia kugusana, nazo ni za mifumo miwili. Chini ya mfumo kuna ngazi nyingine. Seli zinazofanana hujipanga kuwa tishu, tishu za aina mbalimbali huunda kiungo, na viungo vikishirikiana ndipo tunapata mfumo. Moyo, kwa mfano, una tishu ya misuli, vali, neva na utando unaoufunika. Ukiuunganisha na mishipa na damu yenyewe, huo ndio mfumo wa mzunguko wa damu.

Vitabu vingi huhesabu mifumo 11: ngozi, mifupa, misuli, fahamu, homoni, mzunguko wa damu, limfu na kinga, upumuaji, mmeng'enyo wa chakula, mkojo na uzazi. Vingine huchanganya mifupa na misuli, hesabu ikapungua. Hakuna aliyekosea, maana mipaka hii tumeichora wenyewe ili somo lifundishike.

Tuanze na damu, kwa kuwa inapita karibu kila mahali. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, usikilize. Mtu mzima aliyetulia hupata mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, yaani kama 100,000 kwa siku. Moyo una vyumba vinne. Upande wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu, hapo jirani tu. Upande wa kushoto huisukuma hadi kwenye nyayo na utosini, na kwa hiyo ukuta wake ni mnene zaidi. Kwa dakika moja moyo hutoa takriban lita 5, ambazo ni karibu damu yote ya mtu mzima.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyoangusha imani ya karne nyingi. Galen, tabibu wa Kigiriki wa zama za kale, alifundisha kwamba ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula, na mwili huitumia ikaisha. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alionyesha kwamba damu inayotoka moyoni ni nyingi mno, hakuna chakula kinachoweza kuitengeneza kwa kasi hiyo. Lazima iwe ni ileile inayozunguka. Kipande kimoja cha jibu kilikuwapo tayari: katika karne ya 13 tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis alishaandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupitia mapafu.

Hapa Kiswahili chetu cha kila siku hutupotosha kidogo. Tunasema "mshipa" kwa ateri, kwa vena, hata kwa neva. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha, na neva haibebi damu kabisa. Hiyo ni waya wa ujumbe.

Sasa fuata chembe moja nyekundu ya damu. Inaingia kwenye mapafu ikiwa imechoka, rangi yake imekolea kuelekea weusi. Inapita kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nyembamba kiasi kwamba chembe hulazimika kujipanga moja moja, ikizunguka kifuko cha hewa ambacho ukuta wake ni mwepesi mno. Vifuko hivyo viko mamia ya milioni. Kaboni dioksaidi inatoka, oksijeni inaingia na kushikwa na madini ya chuma yaliyomo ndani ya chembe, damu inakuwa nyekundu ya kung'aa. Baada ya dakika moja hivi chembe ileile itakuwa imerudi tena. Itaishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huivunja, na chuma chake hutumika upya.

Mapafu yenyewe hayana msuli wa kujivutia hewa. Kazi hiyo hufanywa hasa na kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo: ukishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Amri hutoka kwenye shina la ubongo. Na kinachokufanya ushindwe kuzuia pumzi kwa muda mrefu si hasa upungufu wa oksijeni, bali kaboni dioksaidi inayojazana. Kwa hiyo pumzi moja tu tayari imehusisha mapafu, misuli, fahamu na damu.

Mahali mifumo inapogongana waziwazi ni kooni. Chakula na hewa hutumia njia moja, halafu hufika njia panda: mbele ni koo la hewa, nyuma ni umio. Ukimeza tonge, kifuniko kidogo hulala juu ya njia ya hewa, na pumzi husimama kwa kitambo. Cheka ukiwa unameza, punje iende mbele badala ya nyuma, na hapo ndipo mtu hupaliwa. Kile kikohozi kikali ni mfumo mmoja ukimtimua mgeni wa mfumo mwingine.

Tonge lililopita salama huenda kulainishwa na asidi katika mfuko wa chakula, kisha huingia utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi. Hapo nyongo ya ini na majimaji ya kongosho humaliza kuvunja mafuta, wanga na protini, na vijidole vidogo visivyohesabika kwenye kuta hufyonza virutubisho. Utumbo mpana hubaki na kazi ya kunyonya maji.

Mifupa ni 206 kwa mtu mzima. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, kwa kuwa baadhi huja kuungana baadaye. Misuli inayoivuta inazidi 600, na neno ni kuvuta: msuli haujui kusukuma. Wa mbele ya mkono huukunja, wa nyuma huunyoosha. Ngozi hukinga mwili na kuupoza kwa jasho. Limfu hurudisha maji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa na kulea askari wa kinga. Mfumo wa uzazi ndio pekee ambao mtu anaweza kuishi bila kuutumia.

Mifumo miwili ina kazi ya kupeleka habari. Fahamu hutumia neva na hufika papo hapo. Homoni hupita kwenye damu, huchelewa, lakini athari yake hudumu. Kongosho imo kwenye mfumo wa homoni kwa sababu hutoa insulini, na imo kwenye mmeng'enyo kwa yale majimaji yake. Ukilazimishwa kuiweka upande mmoja, utakuwa umekosea vyovyote vile.

Figo nazo. Kila siku huchuja lita 180 hivi za majimaji kutoka kwenye damu, karibu zote huzirudisha, zikabaki lita moja au mbili za mkojo. Wengi huishia hapo. Lakini figo pia huonja kiwango cha oksijeni katika damu, na kikishuka hutoa homoni inayouambia uroto ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Kwa hiyo mtu ambaye figo zake zimefeli hupungukiwa na damu hata kama anakula vizuri na uroto wake ni mzima, na sehemu ya matibabu yake huwa ni kudungwa homoni hiyohiyo, iliyotengenezwa maabara.