Picha za nyota zinapogoma kurundikana

DeepSkyStacker, programu ya bure ya kurundika picha za nyota (kuziunganisha nyingi ziwe moja safi), ikikuambia kwamba katika picha zako 80 itatumia moja tu, usikimbilie kuilaumu. Wengi wanaoanza kupiga picha za nebula na makundi ya nyota hufanya hivyo: wanaifuta, wanashusha Siril, ambayo nayo ni ya bure, kisha wanagonga mwamba ule ule. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye picha moja moja, hata kabla ya kurundikwa.

Dhana: programu ni mbovu, haioni nyota ambazo mimi naziona

Programu haijui Orion wala Kilimia. Inatafuta vidoa vya mwanga vyenye umbo la duara, inavipangia pembetatu, inazilinganisha na pembetatu za picha nyingine, ndipo inasogeza na kuzungusha picha mpaka zikae sawa. Nyota iliyogeuka mstari inaachwa. Kwa hiyo fungua picha moja, ikuze hadi asilimia 100, uangalie katikati na kwenye kona zote.

Chukua kamera yenye pikseli za mikroni 4.3 na lenzi ya milimita 50, imekaa juu ya stendi tu. Kila pikseli inafunika kipande cha anga cha sekunde-tao 18 hivi (digrii moja ina sekunde-tao 3,600). Nebula ya Orion iko karibu na ikweta ya anga, ambako nyota hukimbia sekunde-tao 15 kwa kila sekunde ya saa. Acha shata wazi sekunde 10, na kila nyota imeshavuka pikseli 8. Hapo hata programu ya kulipia haikuokoi. Shuka hadi sekunde 2 au 3, halafu piga picha nyingi.

Dhana: shusha kizingiti cha kutambua nyota, mambo yamekwisha

Inasaidia kama nyota ni hafifu lakini zina umbo zuri. Ukikishusha mno, programu inaanza kuhesabu chenga (punje za kubahatisha kwenye picha) na pikseli moto (pikseli za kihisi cha kamera zinazong'aa hata gizani) kuwa nyota. Pikseli moto hazihami kwenye kihisi, nyota zinahama. Programu ikishikilia zile zisizohama, picha ya mwisho inatoka na nyota zilizoburutwa, huku vidoa vyekundu na vya bluu vimetulia tuli. Ukiona hivyo, pandisha kizingiti na uongeze picha za giza.

Dhana: picha za giza zinafuta chenga zote

Hii ndiyo inayotutesa zaidi sisi wa huku karibu na ikweta. Picha za giza hupigwa lenzi ikiwa na kifuniko, kwa muda ule ule, ISO ile ile na joto lile lile, na kazi yake ni kuondoa alama za kudumu za kihisi. Chenga za kubahatisha hazizigusi kabisa. Na zile ulizopiga sebuleni kesho yake mchana hazilingani na picha za usiku wa baridi wa Nanyuki.

Kisha kuna ile michirizi inayoteremka upande mmoja kama mvua. Hiyo inatokea pale kifaa cha kufuatilia nyota kisipoelekezwa sawasawa kwenye ncha ya anga, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka: kila picha inateleza kidogo kuliko iliyotangulia, na mabaki ya alama za kihisi yanajichora kufuata mtelezo huo. Wenzetu wa Ulaya wanalenga Polaris, nyota iliyo jirani na ncha ya kaskazini, na kuendelea na kahawa yao. Nairobi, ncha ya kusini iko digrii 1.3 tu juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam ni karibu digrii 7, nyuma ya majengo na minazi. Sigma Octantis, nyota iliyo jirani na ncha hiyo, ni hafifu, ina ung'avu wa 5.4 (namba ikikua, nyota inafifia), na vumbi la upeoni linaimeza. Basi mtelezo mdogo tutaishi nao. Dawa ni kusogeza kamera pikseli kadhaa, kila safari upande tofauti, baada ya kila picha chache. Mabaki yakitawanyika hovyo, programu inayatupa.

Inayatupa, lakini kwa sharti: uchague njia ya kappa-sigma, inayotupa thamani za pikseli zilizo mbali mno na za picha nyingine, badala ya wastani wa kawaida, na uwe na picha za kutosha. Njia hiyo hiyo hufuta michirizi ya setilaiti, kwa hiyo hakuna haja ya kuiondoa picha nzima kwa sababu ya mstari mmoja. Ukiwa na picha tano, usitegemee makubwa.

Dhana: nikiongeza picha, kila kasoro itaisha

Picha 4 hupunguza chenga hadi nusu, 16 hadi robo, 100 hadi sehemu moja ya kumi. Ukitaka nusu ya hapo, tafuta 400. Fokasi mbaya haitengenezwi hata na elfu.

Dhana: matokeo ni meusi, kazi imeharibika

Haijaharibika. Mwanga wa nebula umejibana kwenye kona ya giza ya histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha. Unahitaji kunyooshwa, yaani kung'arishwa, kwa mikono, taratibu.

Ila kona za picha zikitoka angavu kuliko katikati baada ya kutumia picha za weupe, zile za fulana nyeupe juu ya lenzi ambazo picha za nyota hugawanywa kwazo ili kusawazisha mwanga wa kona, angalia kama picha zako za nyota zenyewe zilitolewa giza la kihisi (kwa picha za giza) kwanza. Kugawanya kabla ya kutoa ndiko kunakoleta kona hizo.