Je, wajua kwa nini laptopu kuukuu hupata nguvu mpya ikibadilishwa diski?

Mpwa wangu anasoma chuo Tudor, hapa Mombasa, na laptopu yake ya mtumba ilikuwa imemchosha. Akiiwasha, anateleka chai, inachemka, anainywa, na kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Alishaamua kuiuza. Fundi mmoja wa Mwembe Tayari akaitegea sikio, akausikia mlio wa kwaru-kwaru upande wa kushoto, akamwambia: "Haijafa hii, dadangu. Yangoja tu."

Yangoja nini? Diski, yaani kile kifaa kinachohifadhi mafaili yake yote. Waliokulia nyumba zenye santuri za taarabu watanielewa upesi. Ndani ya diski ya zamani mna sahani inayozunguka na mkono unaotafuta mahali pa kusoma, ila mkono huu hauigusi sahani, huelea juu yake kidogo mno. Katika laptopu nyingi sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 11. Mkono usogee, kisha ungoje kipande kinachotakiwa kipite chini yake: safari moja hula milisekunde 15 au zaidi. Kwa sekunde nzima hazifiki safari 70.

Sasa, kuwasha kompyuta si kusoma faili moja refu, ni kuokota maelfu ya vipande vilivyotapakaa huku na kule. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ambayo hufanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde, hukaa mikono mitupu, kama mpishi anayemtuma mtoto Marikiti mara elfu, kila mara kitunguu kimoja.

Diski ya kisasa iitwayo SSD haina sahani wala mkono. Ni kumbukumbu ya flashi, jamaa ya zile flashi tunazoning'iniza kwenye funguo, aliyoibuni mhandisi Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980. Data hukaa kama chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya vijumba vidogo sana, na kukifikia chochote huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, hata laptopu ikitikisika ndani ya matatu hakuna mkono wa kukwaruza sahani.

Fundi aliigeuza laptopu, akafungua skrubu za chini. Mbili zilikuwa zimeshika kutu, hewa yetu ya bahari haisamehe chuma. Akaichomoa diski ya inchi 2.5, akachomeka SSD ya SATA, yaani yenye mlango wa aina ile ile ya diski za zamani, mahali pale pale, maana umbo ni moja na mlango ni mmoja. Kabla ya hapo alikuwa ameinakili diski nzima, kwa hiyo mafaili yote yalikuwapo. Ikawaka kwa sekunde zisizofika 30.

Usikimbilie dukani kabla ya kuuliza, lakini. Laptopu nyingine nyembamba za bei ya chini zina hifadhi iliyolehemewa moja kwa moja kwenye bodi, hiyo haibadilishwi. Nyingine hutumia SSD ya M.2, yenye umbo la kijibao chembamba, nayo ina aina mbili, SATA na NVMe iliyo ya kasi zaidi, zisizobadilishana kila mahali. Na SSD inayodai terabaiti 2 kwa bei ya flashi ya kawaida ni ya kughushi, iache.

Pia diski mpya haiifanyi prosesa kuwa changa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Ya mpwa wangu tumeitia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure, na kazi zake za chuo zinakwenda vizuri.

Diski ya zamani tumeitia ndani ya kasha la USB, sasa inahifadhi nakala za picha za harusi ya dadake. Wewe ukitaka kuiuza yako, ifute kwanza kwa programu inayoandika upya juu ya diski nzima, kwani kuifomati kwa haraka huacha data mle mle.