Soma Bapa Kwanza: Majambia ya Kale ya India

Ukiniletea jambia la kale la Kihindi, sianzi na mpini. Najua mpini ndio unaovuta macho: jiwe la kijani lililochongwa kichwa cha farasi, vito vilivyozungushiwa dhahabu, kazi ya mafundi wa enzi ya Mughal, ukoo wa wafalme Waislamu wa India. Lakini mipini ilibadilishwa sana. Bapa zuri lilirithiwa, na kila mrithi aliweza kulipamba upya.

Feleji ya India, yaani chuma cha pua bora cha kufulia bapa, ilipikwa ndani ya vyungu vidogo vya udongo vilivyozibwa. Chuma kiliwekwa pamoja na vipande vya mti au majani, moto ukavukutwa kwa saa nyingi, kisha chungu kikaachwa kipoe polepole. Lilitoka donge lenye kaboni karibu asilimia 1.5. Konasamudram, kijiji cha Telangana kusini mwa India, kilisifika kwa madonge hayo. Hata mwanzoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wa Uajemi walikuwa wakiyafuata huko. Mhunzi alilifua donge kwa moto wa kadiri, tena na tena, mpaka chembe ngumu za kaboni na chuma zikajipanga mistari. Hayo ndiyo mawimbi yanayojitokeza bapa likipakwa asidi hafifu.

Lielekeze bapa kwenye mwanga wa ubavuni, ushike kioo cha kukuzia. Mawimbi ya feleji hii ni membamba na hayajirudii. Ukiona mgongoni matabaka yamelaliana kama kurasa za kitabu, hicho ni chuma cha kuunganishwa kwa nyundo. Nacho ni kazi halali, na wahunzi wa India walikimudu vyema. Bandia ni mchoro wa juu juu: hujirudia sawasawa, na penye mkwaruzo wa kina hukatika.

Katar, jambia la Kihindi la kuchomea, inahitaji uangalifu zaidi. Mpini wake hushikwa kwa ngumi, fito mbili zikipita kandokando ya mkono, na ncha yake mara nyingi hunenepeshwa ili ipasue deraya. Katar nyingi za kusini za karne ya 16 na 17 zilifungwa mapande ya panga za Ulaya. Kwa hiyo usiikatae kwa sababu tu bapa halina mawimbi.

Tafadhali, msisugue kutu kwa msasa wa mashine. Mawimbi yaliyofifia hurudishwa kwa asidi, maana yamo ndani ya chuma chenyewe. Joto kali la mashine huharibu ugumu wa makali, na bapa lililoungua kwenye moto mkali mno hupoteza mawimbi yake moja kwa moja.