Je, wajua ni kwa nini kobalti kidogo yaweza kutosha kutia kigae rangi ya buluu?

Rangi ya buluu tunayoiona kwenye vigae na vikombe vinavyouzwa madukani Kampala hutokana, mara nyingi, na kobalti, metali ambayo wakazi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, wanaifahamu vyema. Machimbo ya shaba ya Kilembe, yaliyoanza kazi mwaka 1956, yaliacha lundo kubwa la mabaki yenye kobalti kidogo ndani yake, na kuanzia 1999 kiwanda kilichojengwa Kasese kilitumia bakteria kuyamumunya mabaki hayo ili kuitoa. Kwa kazi kubwa namna hiyo si ajabu kwamba metali hii ni ghali, na siku hizi watengenezaji wa betri nao wanaigombea.

Buluu nyingine nyingi haziwezi kuingia tanurini. Buluu ya Prussia, kwa mfano, huharibika kabla joto halijafika nyuzi 400, ilhali vigae huchomwa kwa nyuzi zaidi ya 1,000. Mwaka 1802 mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard alichoma kobalti pamoja na alumina, yaani oksidi ya alumini, akapata rangi ya buluu inayostahimili moto huo. Lakini theluthi moja ya uzito wa rangi hiyo ni kobalti.

Je, ni lazima iwe nyingi kiasi hicho? Atomu ya kobalti iliyozungukwa na atomu nne za oksijeni ndani ya fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu, humeza kwa nguvu mwanga wa manjano, wa machungwa na mwekundu, ikauacha wa buluu urudi machoni petu. Ikizungukwa na oksijeni sita, humeza mwanga kidogo tu na kuonekana ya waridi. Hapa ndipo penye siri yote, kwa maoni yangu: atomu chache zilizokaa mahali panapofaa hufanya kazi zaidi kuliko nyingi zilizokaa ovyo.

Zinki, ambayo ni rahisi zaidi kwa bei, ina atomu za ukubwa unaokaribia sana ule wa kobalti, hupenda kukaa kati ya oksijeni nne, na yenyewe haina rangi. Basi mtengenezaji huijenga fuwele kwa zinki na alumina, kisha huiweka kobalti katika baadhi tu ya nafasi za zinki. Nafasi moja katika kila kumi ikishikwa na kobalti, uzito wake hushuka hadi takriban asilimia 3 ya rangi yote. Fuwele ya zinki na silika hufanya vivyo hivyo, na silika, madini yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga, Uganda tunayo katika mchanga mweupe wa Diimu, kando ya Ziwa Victoria, ingawa ni lazima kwanza uondolewe chembe za chuma zinazochafua rangi.

Hata hivyo, rangi iliyopunguzwa kobalti huwa nyepesi zaidi, hivyo mfinyanzi hulazimika kutia unga wa rangi mwingi zaidi kidogo, na akiba yake haiwi kubwa kama hesabu ya kobalti pekee inavyoahidi. Zaidi ya hayo, tabaka la kioo linalofunika kigae likiyeyuka tanurini huweza kuzila fuwele zilizosagwa laini mno. Ipo pia buluu isiyo na kobalti kabisa, ya metali iitwayo vanadi ndani ya fuwele za madini ya zirkoni, iliyoingia viwandani katika miaka ya 1940. Hiyo hustahimili moto vizuri, ila huelekea kijani-samawati, na anayetaka buluu nzito bado huihitaji kobalti.