Kachaguliwa vyuo vitatu vya biashara, aende kipi?

Mama mdogo alinipigia juzi usiku kutoka Wete. Salamu hatukuzimaliza. "Mwanangu, mdogo wako kachaguliwa vyuo vitatu, kimoja hapo Unguja na viwili Bara. Vyote biashara. Wewe ndiye mtu wa hesabu, tuambie kipi chenye jina." Nikamwomba kitu kimoja: mdogo wangu asinitumie barua za kuchaguliwa, anitumie orodha ya masomo ya kila chuo, kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa tatu. Simu ikawa kimya. Hakuwa na orodha hata moja. Aliomba kama wanavyoomba wengi, kwa kusikia.

Mimi ni mhasibu na mkaguzi wa hesabu. Ofisi yetu iko Mjini, na kila mwaka tunapokea wanafunzi wa biashara wanaokuja fildi, yaani mafunzo ya kazini, kutoka vyuo vya hapa na vya Bara. Nimekaa nao meza moja, nikawaonesha faili, nikawasahihisha. Kwa hivyo ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa hao wanaotoka vyuoni, na naona yanawafaa wazazi na vijana wengi zaidi ya huyo mdogo wangu.

Jina la shahada linadanganya. Kuna shahada ya utawala wa biashara, kuna ya biashara yenye mchepuo wa fedha au masoko, kuna ya uhasibu, kuna ya ununuzi na ugavi. Mzazi akisikia zote anasema "biashara". Lakini chukua shahada mbili za utawala wa biashara kutoka vyuo viwili, uweke masomo yake pembeni kwa pembeni. Moja utakuta ina uhasibu wa fedha muhula wa kwanza na wa pili, kisha uhasibu wa gharama, kodi, ukaguzi. Nyengine ina uhasibu mara moja tu mwaka wa kwanza, halafu inakwenda kwenye uongozi, rasilimali watu na ujasiriamali mpaka mwisho. Hakuna iliyo mbaya. Lakini kijana anayetaka siku moja kuitwa CPA, mhasibu aliyethibitishwa na bodi, akiingia hiyo ya pili atakuja kulia baadaye, kwa sababu bodi ya wahasibu, NBAA, huangalia umesoma nini kabla ya kukwambia uanze mitihani yake ngazi gani. Aliyesoma uhasibu hasa anasamehewa masomo. Aliyepita juu juu atayalipia na kuyakalia upya, pengine akiwa tayari ana kazi na watoto. Kwenye ununuzi na ugavi ni hivyo hivyo, bodi yao ni PSPTB.

Ndiyo maana nasema orodha ya masomo kwanza. Chuo kinachojiheshimu kinayo, ama kwenye tovuti ama kwenye kitabu cha chuo. Ukiomba ukazungushwa, umeshajua kitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kumsikia mzazi akiliuliza, na kwetu sisi Wazanzibari ndilo zito kuliko yote. Uliza chuo kinafundisha sheria za wapi.

Mwaka juzi alikuja kwetu kijana hodari sana, matokeo yake yanang'ara. Nikampa kazi ya nyumba ya wageni moja ya Jambiani, aandae VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi. Akatoza asilimia 18. Nilipomuuliza, akanijibu kwa uhakika kabisa kwamba kiwango cha VAT Tanzania ni 18. Kwa Bara yuko sahihi. Zanzibar kiwango cha kawaida ni 15, kwa sababu VAT si jambo la Muungano: sisi tuna sheria yetu na Bara wana yao. Kijana amesoma kodi mihula miwili, hakuna aliyemwambia.

Na si VAT peke yake. Ichukue hiyo hiyo nyumba ya wageni. Kampuni imesajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, wakati mwenzake wa Bagamoyo angekwenda BRELA, wakala wa Bara. VAT inapelekwa ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na risiti zinatoka kwenye mfumo wa ZRA. Mwenzake wa Bagamoyo anatumia mashine ya risiti ya EFD na anaripoti TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ikifika kodi ya mishahara ya wafanyakazi, hapo wote wawili wanakwenda TRA, kwani kodi ya mapato ni ya Muungano. Ikifika michango ya pensheni, wanaachana tena, huyu mfuko wa Zanzibar, ZSSF, na yule wa Bara, NSSF. Mkataba wa kazi wa huyu unafuata Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005. Mhasibu wa Zanzibar lazima aijue mipaka hii kama anavyojua njia ya kwao, maana akipeleka fedha pasipo pake faini inamfuata mwajiri.

Sivilaumu vyuo vya Bara. Vinafundisha sheria ya kwao, na wanafunzi wao wengi watafanya kazi huko. Wala msidhani kwamba chuo kikiwa Tunguu basi jambo limekwisha, kwani mwalimu anaweza kuwa hapa na vitabu vyake vikawa vya Bara au vya Uingereza. Swali ni jepesi na linaulizika kwa simu: kwenye somo la kodi na somo la sheria za biashara, mnafundisha na sheria za Zanzibar? Ukijibiwa ndiyo, uliza ni mada zipi. Kijana mwenye nia ya kufanya kazi Dar es Salaam au Arusha hana haja ya kuliuliza. Anayetaka kurudi Pemba kufungua biashara ya mwani au ya viungo, aliulize kabla ya jambo jengine lolote.

Kwa wasiovijua vyuo vyetu, nivipitie haraka. SUZA ndicho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Skuli yake ya biashara iko Chwaka, pale ambapo wazee bado wanapaita Chuo cha Fedha, kwa sababu kilikuwa chuo cha uongozi wa fedha kinachojitegemea kabla hakijaunganishwa na SUZA. Utalii uko Maruhubi, nao una historia kama hiyo. Chuo Kikuu cha Zanzibar, cha Tunguu, ni cha binafsi, kilianza 1998, na biashara ni miongoni mwa fani zake. Chuo cha Mwalimu Nyerere kina kampasi Bububu. Kwa aliye kazini kuna Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo Unguja na Pemba. Ng'ambo ya bahari wengi wanakwenda IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), Mzumbe au skuli ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hivyo vyuo vikuu vyote, vya huku na vya huko, vinasimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na sifa za chini za kuingia ni zile zile: principal mbili, yaani ufaulu wa A mpaka E kwenye masomo mawili ya form six, zenye jumla ya alama 4 au zaidi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. D mbili zinafika, D na E hazifiki. Juu ya hapo kila programu ina masharti yake, na zile za uhasibu na fedha mara nyingi zinadai hesabu ufaulu angalau form foo.

Kitabu cha mwongozo cha TCU kinatoka kila mwaka, na kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Kisome cha mwaka huu. Hakikisha kwamba programu yako imo, na imo kwa kampasi ile unayokwenda. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kuchukua wanafunzi wapya, na vyengine vikazuiwa baadhi ya programu tu. Waliokuwa wameshajiandaa kwenda huko walitafuta pa kwenda mwezi wa mwisho.

Fildi nataka niizungumze kwa kituo, kwani hapo ndipo nawaona watoto wanavyotofautiana.

Kuna chuo ambacho mwanafunzi wake anafika na barua, daftari la kumbukumbu za kila siku na karatasi inayosema afundishwe nini. Wiki ya tatu au ya nne msimamizi wake anakuja mwenyewe, anakaa, anauliza, analisoma daftari. Mwanafunzi huyo anajua anaangaliwa, na sisi tunajua tunaangaliwa, basi tunampa kazi ya kweli: kuchambua vocha, kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kwenda Kiwengwa kuhesabu stoo ya hoteli usiku wa kufunga mwaka. Na kuna chuo ambacho mwanafunzi anafika na barua tu, na hakuna anayekuja mpaka anaondoka. Ofisi iliyo na kazi nyingi itamfanya nini? Atatumwa kutoa fotokopi. Miezi inakwisha, anapigiwa muhuri, anaandikiwa alama. Huyu hakuonewa na ofisi peke yake, alianza kuonewa na chuo.

Kwa hivyo uliza: fildi ni wiki ngapi, na iko mwaka gani? Nani anaitafuta nafasi, chuo au mwanafunzi? Wanafunzi wa mwaka jana walikwenda wapi? Msimamizi anawafikia au anapiga simu? Na usiliulize dawati la udahili peke yake. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umuulize yeye. Pemba na Unguja hakosekani mtoto wa jirani.

Nenda chuoni siku ya masomo, asubuhi, usingoje siku ya maonesho. Angalia kama madarasa yana watu na walimu wamo. Ingia maabara ya kompyuta uulize kama wanafunzi wanaitumia Excel na programu ya uhasibu kama QuickBooks au Tally kwa mikono yao, au wanaoneshwa ukutani. Nimepokea wahitimu walioandika kurasa nzima kuhusu mifumo ya kompyuta na hawajawahi kuingiza ankara moja kwenye mfumo.

Jengine ni fedha za Kiislamu. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma zake za Kiislamu, na Amana Bank inayoendeshwa yote kwa misingi hiyo ilianza 2011. Wateja wetu wengi wanataka murabaha, benki inanunua kitu na kukuuzia kwa faida inayojulikana, na mudharaba, mmoja anatoa mtaji na mwengine anafanya kazi wakagawana faida, wala hawataki mkopo wa riba. Kijana anayetaka benki akikuta chuo kinachofundisha mikataba hii kwa undani, mimi ningempa alama za ziada.

Gharama ziandikeni zote karatasi moja, msiangalie ada peke yake. Kuvuka kuna boti kwenda na kurudi, chumba, chakula cha kununua kila siku. Kubaki nako kuna gharama: mtoto wa Pemba akija Unguja anahitaji dakhalia au jamaa wa kumpokea, na Chwaka na Tunguu si Mjini, nauli ya daladala kila siku inajumlika. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo tangu 2011. Soma masharti yake na tarehe zake mapema, kwani fomu inataka vyeti na viambatanisho ambavyo kuvipata kunachukua siku.

Na kama alama hazikufika, diploma si aibu. Mwenye diploma ya miaka miwili ya uhasibu, akiwa na GPA, wastani wa alama zake, ya 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada. Katika meza yangu hawa ndio mara nyingi wananipunguzia kazi: vocha wanazijua, leja wanazijua, wamekwisha kukosea na kusahihishwa. Ningependa mzazi amsikilize mtoto anayesema anataka kuanzia huko, asimlazimishe kuingia shahada yoyote ile ili mradi kwenye harusi itajwe kwamba mtoto yuko yunivasiti.

Mdogo wangu ameshanitumia orodha mbili, ya tatu bado anaihangaikia. Amezipigia mistari mwenyewe: masomo ya uhasibu kwa wino mwekundu, ya kodi kwa buluu. Kwenye moja wino mwekundu umeishia mwaka wa kwanza. Akaniuliza, "Kaka, hiki si ndicho kile mama anachokitaka kwa jina?" Nikamwambia ndicho. Jumanne anapanda boti kuja Unguja, Jumatano asubuhi tunakwenda Chwaka pamoja, na yale maswali ya fildi atayauliza yeye.