"Ukikata itasambaa"

Safari hii neno la kwamba saratani ikikatwa itasambaa limesemwa na bibi kutoka Rombo, lakini nimeshalisikia kwa wajomba wa Karatu na kwa majirani wa Majengo: "Daktari, mpe mtoto dawa tu. Ukigusa kwa kisu itasambaa." Mtoto mwenyewe ana miaka mitatu, tumbo limejaa upande wa kushoto, anakula na kucheza. Nimechoka na neno hili, kwa sababu linawatoa wodini watoto wanaoweza kupona.

Uvimbe wenyewe ni wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, uliopewa jina la Max Wilms, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeuandikia kitabu mwaka 1899. Huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano. Mara nyingi hauumi, na mama huugundua akimwogesha mwanawe. Hapo ndipo tunapopoteza muda. Malaria imetuzoesha kusema "ana bandama", basi mtoto anachanjwa chale kwanza, ultrasaundi baadaye. Ninawapokea wakiwa na makovu ya chale juu ya uvimbe.

Saratani hii haingoji kisu. Husambaa yenyewe kwa njia ya damu, na kwa kawaida hutangulia mapafuni. Mtoto aliyekaa nyumbani miezi kadhaa huenda chembe zimeshafika huko kabla hajalazwa kwenye meza ya upasuaji. Zikija kuonekana baadaye, watu wanahesabu tangu siku alipopasuliwa. Miezi ya chale haihesabiwi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Tukishatoa figo yenye uvimbe, baada ya siku chache mtoto anakimbia koridoni na tumbo limelala. Baba anafikiria nauli, shamba na watoto waliobaki nyumbani, anaona mwanawe amepona, wanaondoka. Dozi za tibakemia, yaani dawa za kuua chembe za saratani, zilizobaki hawazirudii. Ugonjwa ukirejea, kijijini wanasema kisu kimeuamsha. Hapana! Kisu kiliondoa uvimbe. Chembe zilizobaki zilikuwa kazi ya dawa, na dawa ziliachwa katikati. Sisemi baba huyo hana upendo. Katika mradi wa pamoja wa utafiti wa uvimbe wa Wilms barani Afrika, uliozihusisha hospitali za Malawi, Kameruni, Ghana na kwingineko, familia zilisaidiwa nauli na gharama za matibabu, na watoto waliokatiza tiba wakapungua kutoka 23 hadi 12 katika kila 100. Kwa hiyo ukoo ukikaa kikao kuhusu mgonjwa, naomba mchango wa kwanza uwe nauli ya kurudi kliniki.

Kuna kweli moja ndani ya dhana hii na sitaificha. Uvimbe wa Wilms ni laini, ganda lake jembamba. Ukipasukia tumboni, ugonjwa unahesabiwa kuwa wa hatua ya tatu, na mtoto anaongezewa dawa na mara nyingi mionzi. Ndiyo maana hatupasui tumbo ili kumega kinyama cha kupimwa. Wenzetu wa Marekani huanza na upasuaji pale inapowezekana. Mimi, kwa uvimbe mkubwa tunaouona huku, nasimama na wanaoanza na dawa: vinkristini na aktinomaisini kwa wiki nne, au wiki sita pamoja na doksorubisini kama mapafu yameshaguswa. Uvimbe unasinyaa, kisha tunautoa mzima pamoja na figo yake, na tunachukua matezi ya jirani yakapimwe. Daktari asiyechukua matezi hajamaliza upasuaji.

Na kwa kuwa uvimbe huu unaweza kupasuka, acheni kumchua mtoto tumbo kwa mafuta. Wanafunzi wangu pia nawakataza kupanga foleni ya kulibonyeza. Akishapima mmoja, inatosha.

"Akibaki na figo moja atakuwa mlemavu." Figo moja nzima inatosha. Atasoma, atacheza mpira, atazaa. Apimwe tu shinikizo la damu na mkojo mara kwa mara.

Wengine wanadhani kila uvimbe lazima ukatwe. Ule wa taya alioueleza Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, mwaka 1958, tiba yake ni dawa. Kwangu mtoto mwenye uvimbe huo anakuja kuchukuliwa kinyama cha kupimwa tu, na dawa zikianza uso hupungua ndani ya siku chache.

Saratani haiambukizi. Ndugu za mtoto wale naye sahani moja, walale naye.

"Watoto hawapati saratani." Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, na mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Anayesema kuna mkono wa mtu simfukuzi. Aombewe, ila aombewe akiwa wodini na dripu yake mkononi.

Mwisho, jicho. Ukimpiga mtoto picha kwa flashi ya simu na mboni ikatoka nyeupe, au jicho limeanza kupinda, msiseme atakua nalo. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na kwa wengi huanza kabla ya miaka mitano. Mleteni wiki hiyohiyo, na hiyo picha msiifute, nionyesheni.