Gundi ya kubandikia vyuma vya meno: maswali na majibu

Gundi za kubandikia vyuma ziko za aina ngapi?

Zinazotumika sana ni tatu. Kompoziti ni resini (plastiki laini inayogeuka kuwa ngumu) yenye chembe ndogo za kioo ndani yake. Hukauka kwa taa ya bluu, au yenyewe baada ya dawa mbili kukutana. Glasi ayonoma ni unga unaokorogwa na majimaji yake, na hutoa floraidi taratibu ikiwa mdomoni. Ya tatu ni glasi ayonoma iliyotiwa resini, ambayo Fuji Ortho LC ni mojawapo.

Ipi inashika zaidi?

Kompoziti. Glasi ayonoma ya kawaida ni dhaifu kwa braketi (kile kijichuma kinachokaa juu ya jino na kupitisha waya), ila inafaa sana kwa pete zinazovishwa magego. Ile iliyotiwa resini inakaa katikati.

Tangu mwaka 1975 wataalamu wengi wamekuwa wakitaja megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 6 hadi 8 kuwa nguvu inayotosha. Kwa braketi yenye kitako cha milimita za mraba 10, hiyo ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 6 hadi 8. Kuzidi sana hapo si sifa. Siku ya kutoa vyuma, gundi iliyong'ang'ania kupita kiasi inaweza kubandua kipande cha enameli, lile gamba gumu la nje la jino.

Kwa nini daktari anahangaika na jino muda mrefu kabla hata ya kushika gundi?

Kwa sababu kazi inaharibikia hapo. Tukiulizwa, tutasema braketi nyingi zikitoka mapema gundi ndiyo husingiziwa, kumbe tatizo ni maandalizi.

Kwa kompoziti, jino husuguliwa kwa unga wa pamisi (jiwe jepesi la volkano lililosagwa) usio na mafuta, likasuuzwa na kukaushwa. Hupakwa tindikali ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, ikaoshwa yote kwa maji, kisha jino likapulizwa hewa kavu mpaka liwe jeupe lililofifia kama chaki. Weupe huo ndio ushahidi kwamba tindikali imefungua vitundu vidogo vya kushikia. Usipoonekana, hakuna haja ya kuendelea, tindikali irudiwe. Inafuata praima (resini nyepesi inayotangulia gundi), tabaka jembamba tu, halafu braketi yenye gundi inabonyezwa mahali pake. Gundi iliyochuruzika pembeni itolewe kabla ya kuwasha taa. Ikiachwa inakuwa ukingo wa kukwaruza unaoshika utando wa chakula, na baada ya miezi kadhaa utaona mduara wa madoa meupe kuizunguka braketi. Taa hupigwa kwa kawaida sekunde 10 upande mmoja na 10 upande wa pili, kutegemea nguvu ya taa na maelekezo ya mtengenezaji.

Mate yakigusa jino baada ya tindikali, kufuta kwa pamba hakutoshi: lisuuzwe, likaushwe, tindikali ipakwe upya kwa muda mfupi. Magego ya nyuma ya mtoto mwenye mate mengi hayakaushiki kirahisi, na hapo ndipo tungechagua glasi ayonoma yenye resini. Yenyewe hutumia tindikali laini ya poliakriliki, asilimia 10 kwa sekunde 20, na jino huachwa na unyevu kidogo. Ukilikausha kabisa, unaidhoofisha.

Baridi ya Mbeya, Iringa na Makete inaathiri?

Ndiyo, hasa Juni na Julai. Kompoziti iliyotoka kwenye friji, au iliyolala kwenye chumba cha baridi kali, huwa ngumu na haiingii vizuri kwenye wavu wa kitako cha braketi. Iachwe ipate joto la kawaida la chumba. Ile inayokauka bila taa huchelewa, kwa hiyo waya usifungwe haraka. Kwa glasi ayonoma, kibao baridi cha kuchanganyia kinakuongezea muda, lakini kikitoa jasho maji yataharibu kipimo. Umeme ukikatika taa ya chaji bado inafanya kazi, ila chaji ikishuka baadhi ya taa hufifia bila wewe kugundua. Ipimwe kwa kifaa cha kupimia mwanga, si kwa macho.

Nimekulia Arusha, meno yangu yana rangi ya kahawia. Vyuma vitashika?

Vinaweza kushika. Enameli iliyoathiriwa na floraidi nyingi ya maji huikataa tindikali, hivyo daktari anaweza kuongeza muda wake au kukwangua kidogo juu. Mwambie ulikokulia kabla hajaanza.

Braketi ya mwanangu imetoka. Kosa la nani?

Angalia gundi imebaki wapi. Jino likiwa safi na gundi yote iko kwenye braketi, shuku mate au tindikali isiyofanya kazi. Gundi ikibaki kwenye jino, huenda braketi ilisogezwa ikiwa bado laini, mwanga haukufika chini yake, au imeng'olewa kwa nguvu. Hapo muulize mtoto kuhusu miwa na mahindi ya kuchoma. Miwa aache kabisa. Mahindi mabichi ya kuchemsha yapukuchuliwe kwanza. Parachichi na ndizi za Tukuyu hazina neno.

Tuko Ludewa, hospitali ni mbali. Tuirudishie kwa supagluu?

Hapana. Haikutengenezwa kwa mdomo, inaunguza fizi, na ikishika braketi ikiwa imepinda, waya utalivuta jino kwenda kusikotakiwa. Braketi ikining'inia kwenye waya, iache hapo, ikaushe kwa kitambaa safi na uifunike kwa nta ya vyuma vya meno. Ikitoka kabisa, itunze kwenye kikopo kikavu uende nayo. Piga simu siku hiyo hiyo kuomba tarehe ya karibu. Kila wiki inayopita jino hilo linabaki nyuma ya wenzake.